Msafiri Niliyemruka

Mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto, kabla posta haijazipoza. Natumaini umzima, unakula, unalala, na yale magoti uliyoyalalamikia mwaka juzi yameshapata adabu. Mimi sijambo kwa mtu wa umri wangu, maana yake ni kwamba panaponiuma leo si pale paliponiuma jana. Macho yananitii nikiyabembeleza. Meno yamebaki ya kutosha kuchekea, ya kutafunia sina hakika.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini simu yako, mdogo wangu, ina ugonjwa. Tukiongelea hali ya hewa nakusikia kama uko chumba cha pili. Tukifika kwa Dada tu, inaanza kukohoa, mtandao unakatika, na baada ya saa nzima naletewa ujumbe wa maneno matatu: niko salama, kaka. Karatasi haina mtandao. Ukiikunja kwa hasira, ukija kuikunjua maneno yako palepale yanakutazama. Anwani nimeibandua kwenye boksi la zile sweta ulizomtumia Dada. Moja anaivaa. Ya pili anasema ni nzuri mno, inamngoja mgeni, sijui mgeni gani huyo wa kuvaa sweta ya bibi.

Nianze na yeye, maana ndiye kiini. Moyo wake umechoka. Daktari alitueleza kwamba umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo sababu miguu imevimba na pumzi inamkatika akivuka chumba. Kulala chali hawezi. Kitanda tumekileta sebuleni, pale dirishani ilipokuwa cherehani yake, na analala ameketi, mito mgongoni, kama abiria wa gari lisiloondoka. Nilimvuta daktari pembeni nikamuuliza ni muda gani. Akasema yeye si nabii, ila kama kuna ndugu walio mbali wasiahirishe safari. Nilidhani tumenong'ona. Dada akajibu kutoka kitandani kwamba mtu asimpotezee daktari muda kwa kusema ndugu walio mbali kana kwamba ni kijiji kizima, yuko mmoja tu na jina lake ni Kijiko.

Basi hilo ndilo jambo la barua hii. Anataka kukuona. Mengine yote utakayosoma yanalizunguka hilo, kama kuku anayezunguka nyumba nzima akitafuta pa kutagia, na usinikatize, kwa sababu kwenye barua huwezi.

Sijawahi kukueleza kazi yangu vizuri. Unajua nilibeba mizigo ya watu pale uwanja wa ndege mpaka mgongo ukaandika barua ya kuacha kazi. Nikawa nimekaa nyumbani namchokoza Dada, naye akanifukuza nikatafute shughuli. Wakati ule ofisi ya utalii ilikuwa inataka watu wa kukaa kwenye ukumbi wa kuondokea na kuwahoji wasafiri. Walikuwa wamejaribu vijana wenye vyeti, lakini wageni wakiona kijana ana karatasi mkononi wanadhani anauza kitu, wanakimbia. Mzee hawamkimbii. Mzee anaweza kuanguka. Nikachukuliwa, mimi niliyeacha shule kwa makubaliano ya pande zote mbili, kwa sababu ya mvi na kwa sababu kwenye mizigo nilikuwa nimeokota maneno ya lugha za watu, ya kusalimia na ya kutukania.

Kazi yenyewe ni ya kuuliza. Msafiri ameshamaliza kukaguliwa, anangoja ndege yake, unamfuata kwa heshima zote. Umetoka wapi, ulikuja kwa ajili gani, ulilala wapi, usiku ngapi, ulitembelea nini, nini kilikuudhi. Majibu unayagusa kwenye kile kibao cha kioo, ambacho wenye shule wanakiita kishikwambi na mimi nakiita kioo cha fitina, maana ukigusa kwa kidole chenye mafuta kinakuandikia mambo yako mwenyewe. Mwisho wa mwezi majibu yetu yanakutana na ya mipakani na yale ya mahotelini, yanapikwa pamoja, ndipo taifa linajua wageni wameongezeka au wamepungua, wanatoka wapi siku hizi, na kama wanakuja kutazama wanyama, kufanya biashara au kuzika. Ndiyo, kuzika nako kunahesabiwa. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi sicheki.

Mkuu wetu ni mama mmoja kijana, mwembamba, msomi wa hesabu, tunamwita Bi Asilimia lakini si mbele yake. Hacheki ovyo, na mimi nilipoanza niliapa kwamba nitamchekesha kabla sijafa. Ndiye aliyetufundisha kanuni mbili ninazotaka uzijue.

Kanuni ya kwanza ni hii: mtu yeyote anayeishi kwingine kwa zaidi ya mwaka, akija hapa ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba yangu. Nilimwambia wazee wetu walikuwa na kipimo chao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akanijibu bila hata kuinua uso kwamba kipimo hicho ni kizuri ila mahoteli hayagawi majembe. Nikaanza kumheshimu siku hiyo.

Kanuni ya pili ni kwamba huchagui. Unahesabu wanaopita kwenye kamba, na kila wa kumi ndiye wako. Awe mlevi, awe padri, awe na kilio, ni wako. Alitueleza kwamba ukianza kuchagua utawachagua wanaotabasamu, na nchi nzima itaonekana inapendwa kuliko inavyopendwa. Maneno hayo niliyachukua nikampelekea Dada jioni, naye akayapenda, akasema hivyo hivyo ndivyo watu wanavyochagua rafiki na ndiyo maana hawajijui.

Maana lazima nikwambie, Dada ndiye afisa wetu mkuu wa takwimu asiyelipwa. Kila nikirudi namkanda miguu kwa mafuta, naye ananiuliza leo wamesemaje. Namletea wote. Nilimletea yule bwana aliyejibu kwamba alikuja kupumzika na mke wake, halafu bahati ya mahesabu ikamwangukia mke wake mwenyewe aliyeachwa watu kumi nyuma, naye akajibu kwamba alikuja kwa mateso. Dada alicheka mpaka nikaogopa. Anajua miezi gani wageni wanapungua, anajua mataifa gani yanalalamika juu ya maji ya kuoga. Ila kila siku swali lake la mwisho ni lile lile: na wetu je, wanarudi?

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, Kijiko. Mwaka jana Bi Asilimia aliona kitu kwenye mistari ya chati zake. Wageni waliozaliwa hapa na kuhamia ng'ambo walikuwa wanaongezeka. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba zamani karibu wote walikuwa wanajibu kwamba wamelala kwa ndugu, na sasa kundi kubwa lilikuwa linajibu hotelini. Na wengine kwenye swali la nani umemtembelea walikuwa wanajibu hakuna.

Alipolipeleka jambo hilo kikaoni, mkurugenzi alifurahi kama aliyefiwa na mdai wake. Akasema huo ni mwelekeo mzuri sana. Zamani watoto wa nchi hii walikuwa wanarudi, wanalala kwenye mikeka ya shangazi zao, wanakula bure, wanaondoka. Sasa wanajaza vyumba. Akaagiza mabango yatengenezwe. Moja limetundikwa juu ya meza yangu: familia imekaa kando ya bwawa la kuogelea, wote wana meno, na chini yake pameandikwa Karibu Nyumbani. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawakusema kwamba akirejea atapewa funguo na mtu wa mapokezi.

Bi Asilimia hakufurahi, akasema mstari ukipanda ni lazima kuuliza umepandia nini. Akatuongezea swali moja, tuwaulize hao tu, kwa upole: kwa nini hukulala kwa ndugu? Na jibu hili aliruhusu tuliandike kwa maneno yao wenyewe, si kugusa vidirisha.

Mdogo wangu, nimesikia mambo. Muuguzi mmoja, mtu mzima mwenzetu, aliniambia kwamba akilala kwao watoto wa kaka yake wanahamishwa kitandani wakalale chini, na yeye usiku kucha anawasikia wakikohoa, ndiyo sababu anaona bora alipe hoteli na kuja mchana. Dereva wa malori makubwa alisema nyumba yao ipo, ila waliokuwa wakimwita kwa jina lake wamekwisha. Alikwenda, akasimama ng'ambo ya barabara, akaona nguo za watu asiowajua zimeanikwa kwenye kamba ya mama yake, akageuza. Mwingine alisema kwao salamu ni fupi na shida ni ndefu. Mwingine alinitukana, na lile tusi nikaliandika pia, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Lakini kulikuwa na mama mmoja, mwanamke mkubwa, amevaa vizuri, ambaye sijamsahau. Aliniambia alichelewa kurudi mara ya kwanza kwa sababu ya karatasi za ukaazi. Angetoka kule, wasingemruhusu kuingia tena. Akakosa msiba. Baadaye karatasi zikapatikana, lakini sasa kuingia nyumbani kulihitaji maelezo, na maelezo yale kila mwaka yalikuwa yananenepa, mpaka yakawa hayapiti mlangoni. Kwa hiyo huwa anakuja, anakodi chumba, anakaa siku zake akisikiliza watu wakiongea lugha yake sokoni, halafu anaondoka. Nikamuuliza kwa nini basi anakuja. Akaniambia, mzee, swali hilo halimo kwenye kibao chako. Kweli halikuwamo.

Nilirudi nikamsimulia Dada. Yeye huwa hakosi neno, lakini siku ile aliniambia tu nikande mguu wa kushoto zaidi. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, na hakuna aliyemtaja.

Unajua tulimfikiria nani. Baba alipofariki hukuja. Najua ni karatasi. Nilijua siku ile ile, na Dada alijua kabla yangu. Shangazi walisema walivyosema, lakini shangazi wangesema hata kama ungekuja, wangesema umevaa viatu gani. Huku nyumbani hakuna aliyekuwekea jina baya. Tulimzika, tukarudi, Dada akakaa kwenye cherehani akamalizia sare za shule za watu kwa sababu muhula ulikuwa unaanza. Alisema tu kwamba Kijiko hajaoa bado, atakuwa analia peke yake huko, na hakuna wa kumpikia hata chai.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa mtandao ukatike.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa kwenye kamba yangu. Ndege kubwa ilikuwa inakwenda upande wenu, foleni ndefu. Mkono wa kulia kwenye meza ya pili alikuwa mwenzangu tunayemwita Mama Pacha, anahangaika na mzungu asiyesikia. Mimi nahesabu. Nikafika wa sita, wa saba, nikaona mbele yangu kisogo. Uso unaweza kunidanganya, nimeshawahi kumkumbatia mtu nisiyemjua kwenye harusi. Kisogo hakidanganyi. Kilikuwa kisogo cha Baba, chenye ule mkunjo kama mtu amekikanyaga kikiwa kibichi, kimeota juu ya mabega ambayo nilikuwa nikiyabeba mgongoni mwangu.

Ulikuwa umevaa shati la maua. Umekuwa na kipara, pole. Kichwani ulikuwa na ile kofia ya majani wanayowauzia wageni mahotelini, ambayo mwenyeji haivai hata akilipwa, umeisukuma mbele ili kisogo kipate hewa. Ulikuwa peke yako. Ulikuwa unapapasa mfuko wa shati kila mara kuhakikisha pasipoti haijakimbia. Ulionekana umechoka, Kijiko, lakini si uchovu wa safari.

Nikahesabu upya, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Miaka yote hii ya kuhesabu vichwa, na siku ile wa kumi alikuwa wewe.

Ulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeishika kofia. Nilifungua mdomo. Ningekuuliza nini? Umetoka wapi, bwana? Ulilala wapi? Nani umemtembelea? Ungenijibu hakuna, usoni kwangu, chini ya lile bango la meno. Au ungenitambua, ukaanza kutafuta uongo mahali pa wazi, mbele ya watu, ukiwa na umri huo. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Ninavaa ndara kazini, Kijiko. Nilikuwa nafunga kamba ya ndara. Niliona viatu vyako vikipita. Ulipokwisha kupita nikainuka nikamchukua mama aliyekuwa nyuma yako, wa kumi na moja, aliyekuja kwa mkutano wa mbolea. Alinieleza habari za mbolea muda mrefu sana na sikusikia hata neno moja. Nilikutazama mpaka mlango wa kioo ukakumeza.

Hayo ndiyo niliyokuficha tangu mwanzo wa barua. Ulikuja. Ulikuwa hapa, ukalala hapa, ukaondoka, na mimi nilikuona nikainama.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Asilimia nikakiri kwamba nimeruka mtu. Akavua miwani. Akaniuliza ni kwa nini. Nikasema alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniambia kwa upole kwamba kanuni inaruhusu, karani akiangukiwa na ndugu yake humkabidhi kwa mwenzake wa meza ya pili, jambo hilo tulifundishwa siku ya kwanza baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia baada ya chakula cha mchana mimi huwa sifundishiki. Hapo akacheka. Nilingoja kicheko hicho miaka na miaka, na kilipokuja hakikunifaa kitu. Halafu akaacha kucheka akasema hesabu za nchi hazitaharibika kwa mtu mmoja, hilo nisilitie moyoni. Nikamwambia si hesabu za nchi nilizozitia moyoni.

Lakini hilo lilikuwa kesho yake. Jioni ya siku yenyewe nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kufunga mdomo. Nilichukua mafuta, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza na mguu wa kulia. Dada akauliza leo wamesemaje. Nikamwambia leo walikuja watu wa mbolea. Akauliza na nani tena. Nikasema ni mbolea tu. Akautoa mguu wake mikononi mwangu. Akaniambia mimi alinifundisha kuvaa suruali, kwa hiyo nisijaribu kumvika yeye uongo, niseme nimemwona nani.

Nikasema. Nilitegemea alie au akulaani, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Yeye aliniuliza kama una nywele. Nikasema huna. Akauliza kama umenenepa, nikasema kiasi cha wastani, tumbo lipo. Akauliza kama kulikuwa na mtu wa kukusindikiza. Nikasema ulikuwa peke yako. Halafu akaniuliza jambo ambalo mimi sikujiuliza, kwamba mimi nalipwa mshahara nikae pale niwaulize watu wote wa dunia, mlevi, padri na mwenye kilio, na mtu mmoja tu niliyepaswa kumuuliza nimempitisha, ni kwa nini. Nikasema nilitaka kumsitiri. Akasema hapana. Akasema nilitaka kujisitiri mimi, niliogopa jibu. Ungejibu vibaya, sawa, lakini ungekuwa umefungua mdomo, na wewe, Kijiko, tangu utoto ukishafungua mdomo hujui kuufunga. Ungesema uongo wa kwanza na wa pili, wa tatu ungelia. Kumbe nimekuacha upande ndege na maneno yako yote tumboni.

Nikauchukua tena mguu wake nikaendelea kukanda.

Tangu siku hiyo ameniambia nikuandikie, nami nimekuwa nasema kesho. Jana pumzi ilimbana vibaya, muuguzi akaitwa, akampa dawa akatulia. Alipotulia tu akaniambia nilete kalamu. Amenipa maneno, na haya si yangu, nisingeweza kuyatunga.

Anasema nikwambie hatakuuliza kitu. Hatauliza ulikuwa wapi, hatauliza kwa nini, hatauliza mara ngapi umekuja na kuondoka. Kama una maelezo na yamenenepa, uyaache hukohuko, hapa hakuna pa kuyaweka. Anasema kama unaona haya kulala kwetu, basi usilale kwetu. Lala hotelini, ndiyo maana zimejengwa. Amka, kunywa chai yao, vaa hata hiyo kofia. Kisha uje kama wanavyokuja wageni kutazama vitu vya kale. Yeye atakuwa amekaa pale dirishani na atatazamwa, hana safari nyingine. Ukichoka kumtazama utarudi hotelini kwako, na kesho ukitaka utakuja tena. Anasema hata usipopata neno la kusema, yeye ataongea, au nitaongea mimi, ambaye kunyamaza sijawahi kujifunza.

Nilimuuliza kama niongeze kwamba anaumwa sana. Akasema usimtishe mtoto. Wewe una wajukuu, mdogo wangu, na bado anakuita mtoto. Nami nimekutisha, kwa sababu yeye ni mpole na mimi si mpole. Daktari hakusema miaka. Miezi pia sikumsikia akiitaja.

Mimi nimeomba kuhamishwa. Bi Asilimia amekubali bila kuniuliza mara mbili. Kuanzia wiki ijayo sitakuwa ukumbi wa kuondokea, nitakuwa ule wa kuwasili. Kule hatuwahoji watu kabisa, tunasimama tu mlangoni na kuhesabu vichwa vinavyoingia. Ni kazi ya kijinga, na mshahara ni uleule. Kila siku ndege ya upande wenu inatua asubuhi, nami nitakuwa nimesimama mkono wa kushoto ukitoka, karibu na mahali pa mikokoteni, nimevaa viatu vya kamba. Sitakuwa na swali. Nitakuhesabu, kisha nitakubebea mzigo, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Nisalimie shemeji na watoto, na wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Waambie wana babu huku mwenye mdomo mrefu. Dada anakusalimu sana, ameketi hapa nyuma yangu anasoma kila neno juu ya bega langu, ameshasahihisha mawili. Majirani wa zamani waliobaki wanakukumbuka, wale wachache.

Nakuombea safari njema, nikiwa sijui kama utaifunga.

Ni mimi kaka yako,
anayeitwa kazini Mzee Maswali.